Petroli ya Gari Lako

Usoke, Jumatano

Kaka Eliya,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje huko Kaliua? Sisi Mungu anatulinda.

Fundi amekuja kulihudumia gari lako lililolala hapa miaka sita. Petroli aliyoitoa ilikuwa nyekundu kama chai, inanuka vanishi. Akasema tukaimwage mbali. Shemeji yako Raymundi akacheka: "Imeshaoza, haina nguvu. Nitawashia kuni za bani la kukaushia tumbaku."

Fundi akamjibu, "Mzee, imechacha, haijafa."

Leo nimeliona dumu la petroli hiyo ndani ya bani, nyuma ya kuni. Nikilitoa, Raymundi analirudisha. Nasali rozari, lakini yeye anakusikiliza wewe tu. Simu yako haipatikani, hivyo nampa mwanangu Levina barua hii aje nayo kwa treni.

Nijibu upesi, kaka. Jumamosi anawasha.

Mdogo wako,
Marsiana