Simu ya Annika na Yamini ya Baba

Leipzig,
Jumapili jioni

Mama yangu mpenzi,

Nakuamkia kwa heshima zote, nikitumai goti limepungua kuuma na hapo Mtopanga maji yamerudi mferejini. Mimi ni mzima, ila midomo imepasuka kwa baridi hata klarineti naipuliza nikiugulia. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu nimeshtuka, tena nimekasirika, na nikikusikia ukicheka nitasahau nusu ya maneno yangu. Dada Rehema akusomee polepole, asiruke kitu.

Unajua kundi letu ni la watu watano, sote wapuliza vyombo, na tunachanganya muziki wa Kizungu wa kale na wa kwetu. Safari hii tulichukua wimbo wa kumtoa bibi harusi, ule uliomrekodi Baba akiupiga kwa zumari kule Kiembeni ukanitumia. Annika, anayepiga obo, ndiye aliyepewa sehemu ya zumari. Kwa kuwa simu yako ilizimika kabla wimbo haujaisha, nilimpa namba yako akuulize jambo moja tu: unaishaje. Nikajua yamekwisha.

Basi jana tulikuwa na onyesho, ukumbi umejaa. Annika alipofika mwisho akavimbisha mashavu, akaivuta sauti bila kupumzika, pumzi ikiingia puani huku nyingine ikitoka mdomoni, kisha akaikatakata na kuishusha vilevile anavyoishusha Baba. Mama, mkato ule Baba hamfundishi mtu. Hata mimi aliniambia nitaupata nikioa. Nikakosa kuingia mahali pangu, wenzangu wakanikodolea macho.

Watu walipokuwa wakipiga makofi nikamuuliza, "Nani kakufundisha?"

Akasema bila wasiwasi, "Babako. Kila Jumamosi. Mamako hutushikia simu."

Lahaula. Mama, wewe. Nikipiga mimi, Baba yuko msikitini, Baba kalala, Baba kaenda Nyali. Nami nikikubali, maana siku niliyosafiri alikula yamini kwamba hatanena nami hata neno mpaka niiache klarineti, ambayo aliiita bomba la choo, niirudie zumari. Kumbe kwa mtoto wa watu ana maneno tele, tena kwa kile Kiingereza chake cha kupigia watalii ngoma hotelini.

Nilikuwa karibu kumfokea Annika. Akanionyesha simu yake, imeegemezwa palepale penye karatasi zake za muziki, inawaka. Kila tukifanya mazoezi huiweka hapo, nami nilidhani anajirekodi. "Hii ndiyo ada aliyotaka," akasema. "Alisema ameapa kutosema nawe, hakuapa kutokusikiliza."

Mama, wallahi niliketi sakafuni na suti yangu ya kuazima. Miezi yote hiyo Baba ananisikia. Amenisikia nikikosea, nikigombana na wenzangu, nikijiimbia peke yangu nyimbo za nyumbani.

Nikaichukua simu, nikasema, "Shikamoo, Baba." Nikamsikia anavuta pumzi puani, ile ndefu ya kabla ya kupuliza. Ukamwambia, "Mjibu mtoto, bwana." Simu ikakatika.

Sasa nakuomba. Nenda kwa maalim pale msikitini umuulize kafara ya yamini ikoje. Kama ni kulisha masikini, nitawalisha mimi. Pikeni pilau, muwaite. Klarineti siiachi, na hilo usimfiche. Lakini sitaki tena kusikilizwa kwa mlango wa nyuma na mzee aliyenizaa. Inaniuma.

Nisalimie dada Rehema na mumewe, mjomba wangu muuza samaki, na shangazi wa Likoni aliyenisomea dua ya safari.

Kwa Baba usipeleke salamu. Mpe simu mkononi, umwambie mimi nimeshamwamkia, nangoja aitikie.

Mwanao,
Twalibu