Paipu Mpya za Breki

Shemeji mpendwa,

Mama amepona kikohozi, anakusalimu. Ile pikapu aliyofia kaka, uliyoniambia niiuze, nimeifungia paipu mpya za breki. Ikabaki kutoa hewa iliyomo ndani ya paipu, kazi ya watu wawili: mmoja hukanyaga pedali, mwingine hulala chini ya gari akafungua nati ya gurudumu, oili iruke na hewa yake. Siku zote alikanyaga kaka, akinitania, "We, bado u hai huko chini?"

Jana nilikuwa peke yangu. Nikaita kwa mazoea, "Kanyaga, bwana!"

Nikafungua nati, oili ikaruka. Nikafunga nati, nikasema, "Achia." Nikasikia pedali ikirudi. Nikachungulia ndani, hakuna mtu.

Magurudumu matatu tumeyamaliza. La nne nimeliacha makusudi. Nakuomba, shemeji, tusiiuze kwanza.

Ni mimi, mdogo wa mumeo.