Shangazi Kadaka Birika la Wakwe

Shoga uko wapi?? Shika simu! Nimejifungia chooni kwa wakwe, sijui nicheke au nilie.

Shangazi. SHANGAZI YANGU!

Si unajua kriketi aliiacha, ila kriketi yenyewe haijamwacha? Vidole bado vimepinda kwa kudaka mipira ya timu ya taifa. Nilimwomba tangu nyumbani, "Shangazi, leo tulia." Akanijibu, "Mimi tena?"

Basi mama mkwe akatoa birika la kauri, la urithi, halitoki kabatini ila kwa wageni wazito. Likiwa bado tupu, mchumba wangu akaligonga kwa kiwiko. Hilo, linaanguka!

Shangazi akalirukia! Na magoti yale mabovu! Akalidaka kwa mkono mmoja, limebakiza kidogo tu liguse sakafu. Wakwe wote makofi. Nikasema moyoni, ndoa imepona.

Sasa wachezaji wa kriketi wakishadaka hufanya nini?

Wanarusha mpira juu kwa furaha.

ALILIRUSHA, shoga. Birika! Juu kabisa! Akapiga kelele "Ametokaaa!" kama kamtoa mpigaji uwanjani, na kugeuka kutafuta wa kumkumbatia.

Birika la watu likashuka lenyewe.

Vipande mpaka chini ya kochi. Mama mkwe kainuka, kamshika shangazi mkono, kampeleka jikoni. Mimi huyo, chooni.

Ngoja, ukuta mwembamba, nawasikia.

Shoga! Mama mkwe anacheka! Anamwambia, "Ahsante, mwenzangu. Lilikuwa la mama mkwe wangu. Miaka yote naomba lianguke."