Shida Yangu kwa Maneno Mia Tatu

Jumatatu, 23 Juni
Mwalimu Seabelo ameturudishia insha za kuombea chuo cha udaktari. Kwenye yangu ameandika: "Shida iko wapi?" Swali linataka shida binafsi uliyopitia. Mimi nilieleza baridi ya asubuhi. Maneno mia tatu — baridi tupu.

Mama anasema mambo ya nyumbani hayatoki nje kabla Mjomba Tshenolo, kaka yake, hajasikia. Kama posa vile.

Jumanne, 24 Juni
Mjomba kaja na koti lake la harusi, kaitisha kikao. Viti vikatolewa uani, juani. Ajenda: shida yangu.

"Mwanangu, chukua talaka yangu," akasema. "Mimi siitumii tena."

Shangazi Gaolatlhe akaguna. "Talaka yako ni shida ya mkeo. Mpe mtoto ule ukame. Ukame hauaibishi mtu."

"Nilikuwa sijazaliwa, Shangazi."

"Ndiyo ujue ulivyokuwa mkali."

Bibi akakataa katakata: katika ukoo huu hakuna aliyepata shida, labda waliooa humu. Wakala kuku, wakaahirisha. Mama akakusanya sahani.

Jumatano, 25 Juni
Nimeandika ya kweli. Nikiwa darasa la tisa Mama aliletwa kutoka hospitali hajiwezi. Nilimwogesha, nilimkorogea uji, nilimpa dawa. Hatuyataji hayo. Nyumbani tunasema tu "ule mwaka".

Mwalimu alisoma, akavua miwani. Akasema niitume, ila Mama akubali kwanza. Mwisho wa kupokea ni Ijumaa mchana.

Alhamisi, 26 Juni
Nimempa Mama insha baada ya chai. Amekaa kitandani kwangu, anasoma. Mimi najifanya nafanya hesabu.

"Sikukonda hivi."

Akarudi juu, akasoma tena.

"Na uji wako ulikuwa na mabonge. Mbona hujasema? Si wanataka shida? Andika mabonge."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikamwambia, Mama, nisipotuma hii sina nyingine.

Akauliza kama watu wa chuo wanamjua Shangazi Gaolatlhe. Nikasema hapana.

"Wala wa kanisani?"

Wala wa kanisani.

Akaomba kalamu. Amefuta "hajiwezi". Nikajua basi, atafuta yote. Lakini bado anaandika — pembeni kumejaa, sasa ameigeuza karatasi nyuma, na hajauliza yanatakiwa maneno mangapi —