Fundo la Kitenge cha Révérienne

Kagunga,
Jumapili, 13 Machi 2016.

Kwa Baba yangu mpendwa, Mzee Leodgar,
Buzebazeba.

Shikamoo Baba. Natumaini barua hii itakukuta umeamka vizuri, goti limekuruhusu kupanda ngazi za kanisani bila kumshika mtu bega, na Mama amepona kile kikohozi. Mimi huku ni mzima. Dagaa wamerudi wiki hii, ziwa limetulia, na nyumba inanuka samaki mpaka kwenye shuka. Anayekuletea barua hii ni Hamdani, nahodha wetu. Nimemkataza kukusimulia lolote kabla hujamaliza kusoma, kwa hiyo mpe chai yake umwache anywe kimya.

Barua yako niliipata Jumatano, pamoja na ile karatasi uliyoitayarisha. Nimeisoma mara tatu ili nisije nikakuelewa vibaya. Unaniagiza nitie sahihi kwamba mdogo wangu Dismasi aliuawa na uzembe wa Révérienne, mkimbizi kutoka Burundi, aliyemfunga mguu ovyo hadi fundo likaachia. Karatasi hiyo isomwe Alhamisi mbele ya kamati ya boti, Révérienne aondolewe kwenye boti ya dharura, kisha jambo liende polisi. Umemalizia kwa kusema kwamba binti mwenye adabu hamwangushi baba yake mbele ya watu. Baba, adabu ninayo, ndiyo maana nimeanza na shikamoo. Lakini sahihi hutaipata.

Kwanza niitetee boti, maana umeiita mchezo wa vijana. Wewe uliyekuwa mganga msaidizi miaka thelathini unajua tulivyokuwa tukisafirisha wagonjwa. Tulimsubiri mwenye boti apate abiria wa kutosha, tukamlaza mgonjwa juu ya magunia, tukamfunika khanga, tukaanza kusali. Matibabu yalikuwa Kigoma, na njiani hapakuwa na kitu. Siku hizi matibabu yanaanza pale pale mgonjwa alipoangukia, hata kama ni mchangani. Tuko sita tuliofundishwa, na kila mmoja ana filimbi, glovu, bandeji na mkanda wa kuzuia damu. Tukishaondoka tunapiga simu Kigoma, tunasema tunaye nani na ana nini, na gari la wagonjwa linatukuta ufukweni Kibirizi.

Mwezi uliopita tulimchukua mama mmoja kijijini Mwamgongo, amejifungua salama lakini damu haikatiki. Révérienne alimkanda tumbo la chini kuanzia tulipong'oa nanga mpaka tulipofika, mkono mmoja ukichoka anashika kwa wa pili, na mtoto akawekwa kifuani anyonye njia nzima. Yule mama yuko hai. Mumewe alikuja wiki iliyopita na kuku wawili, akauliza yuko wapi yule Mrundi. Ndiye huyo unayetaka nimwondoe.

Halafu umeandika "hawa wageni". Nilicheka peke yangu jikoni. Bibi, mama yako mzazi, alivuka kutoka Nyanza-Lac na mkeka mmoja na sufuria, na mpaka anakufa alikuwa akihesabu kwa Kirundi. Nani mgeni katika familia hii, Baba? Nisamehe, lakini ulilianzisha wewe.

Sasa turudi kwenye siku yenyewe, kwa sababu uliyoyasikia uliyasikia msibani, na msibani kila mtu anasimulia.

Ilikuwa Mei mwaka jana, siku zile ufuko wote wa Kagunga ulipojaa watu mpaka huoni mchanga. Meli ilitia nanga mbali kwa kuwa hapa hatuna gati, na vijana wenye boti ndogo walikuwa wakiwapeleka wakimbizi kidogo kidogo. Dismasi alikuwa mmojawapo. Alikuwa na furaha siku ile, unamjua, akiwabeba bibi vizee mgongoni huku akiwatania kwamba wamemlemea kuliko mihogo. Mchana, akiwa ndani ya maji anasukuma boti, wimbi liliigeuza, propela ikamkata paja kwa nyuma. Maji yalibadilika rangi. Watu walipiga kelele, na mimi, dada yake, mhudumu wa kujitolea wa zahanati, nilisimama na mikono kichwani.

Aliyekuja ni Révérienne. Sikuwa namjua. Alikuwa amekaa kwenye foleni siku tisa akingoja zamu yake ya kupanda meli, na siku hiyo zamu ilikuwa imefika. Aliiacha, na ndivyo alivyobaki Kagunga. Alipiga goti juu ya kinena cha Dismasi, akachana kitenge alichojifunga, akakizungusha juu ya jeraha, akapitisha mpini wa mwiko na kukikaza mpaka Dismasi akamtukana. Damu ikakata. Nilishuhudia kwa macho yangu, ilikata kabisa. Kisha akaomba kalamu, akamwandikia saa kwenye paji la uso. Hizo ndizo "alama za kichawi" ulizoambiwa. Ni saa, Baba! Saa ya kufunga, ili daktari ajue mguu umebanwa tangu lini. Bujumbura alikuwa akifanya kazi kwenye gari la wagonjwa, na siku hizi sisi sote tunaandika hivyo hivyo.

Alitaka kupanda naye boti. Msimamizi wa foleni akamkatalia, kwa kuwa hakuwa ameandikishwa na hakuruhusiwa kwenda mjini. Akanishika mkono, akaniambia kwa Kirundi kwamba lile fundo lisiguswe na mtu mpaka hospitali. Kiha chetu na Kirundi ni majirani. Nilielewa kila neno.

Tukaondoka watatu, mimi, Dismasi na Hamdani kwenye injini. Ulivyoambiwa ni kwamba tulipoipita Mwamgongo fundo liliachia lenyewe, damu ikamwisha, na tulipofika Kibirizi alikuwa ameshatutoka. Ndivyo nilivyosema mimi. Nilisema mbele ya daktari, nikasema mbele yako, nikasema mbele ya jeneza.

Januari tulipelekwa Kigoma kwenye mafunzo ya siku kumi. Siku ya pili mwalimu, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya mwanakwaya, alishika ule mkanda na kutuonyesha. Alisema ukishaufunga usiulegeze, hata mgonjwa alie, hata mguu ubadilike rangi. Alisema zamani watu walifundishwa kulegeza kila robo saa ili mguu usife, ilikuwa imeandikwa vitabuni na waalimu wazuri waliifundisha, lakini baadaye ilionekana kwamba kila ukilegeza, damu iliyobaki inapungua, na mtu anakufa akiwa na mguu wake. Niliomba ruhusa nikatoka nje. Nilizunguka nyuma ya jengo, nikarudi kukaa.

Baba, fundo halikuachia. Nililifungua mimi.

Mguu ulikuwa wa baridi na umepauka. Dismasi alikuwa akinisihi, akiniita Dada Vere kama alivyokuwa akiniita utotoni, akisema fundo linamuuma kuliko jeraha. Nami nilikumbuka kitabu chako cha huduma ya kwanza, kile ulichokivalisha gazeti, na jinsi ulivyonifundisha sebuleni, tukifunga mguu wa kiti: robo saa, legeza, hesabu, kaza tena. Nilijiona najua kuliko yule mwanamke wa kwenye foleni. Nililegeza mara ya kwanza, nikakaza. Mara ya pili nikakaza kwa shida. Mara ya tatu mikono ilikuwa imelowa damu, mwiko ukaniponyoka ukaenda majini, na sikuweza kufunga tena. Turubai la kukinga jua lilikuwa kati yangu na Hamdani, hakuona. Alisikia tu nikiliita jina la Dismasi, naye Dismasi haitiki.

Pengine angefika bila mguu. Ningempokea hata bila miguu yote miwili.

Miezi kumi nimemwacha Révérienne abebe kosa langu. Anajua, Baba. Mtu aliyefunga fundo lile anajua kwamba haliachii lenyewe. Februari nilimwendea nikamwambia kwa mdomo wangu. Aliniuliza kama sasa nimejifunza kufunga. Nikamwambia ndiyo. Akanipa bandeji akataka nimwonyeshe, akanisahihisha mara mbili. Hakuniomba nimtetee popote, na hilo ndilo linaloninyima raha kuliko kama angenipiga kofi.

Sikulaumu wewe kwa kitabu. Ulifundishwa hivyo, ukafundisha ulichopewa, na watu wengi Buzebazeba wako hai kwa mikono yako. Nakulaumu kwa hii karatasi. Utaalamu umesogea, na wewe mwenyewe ndiye uliyetuambia mezani kwamba mganga anayekataa kujifunza avue koti. Leo unataka tumvue koti mtu aliyefanya kilicho sahihi, ili sisi tuliokosea tupate mtu wa kumchukia. Sikubali. Unikasirikie, unisusie, uwaambie ndugu kwamba Verediana amekosa akili. Sikubali.

Alhamisi saa nne asubuhi nitasimama mbele ya kamati na kusema niliyoyafanya. Wakitaka kunitoa kwenye boti, watanitoa mimi. Wakitaka polisi, nitakwenda kwa miguu yangu. Wakiniuliza ni nani aliyenifundisha kulegeza, nitanyamaza. Hilo nimekuachia wewe ulijibu. Hamdani anarudi huku Jumatano asubuhi, na nimemwambia akuwekee nafasi upande usiorushwa maji, kwa ajili ya goti lako. Ukija, njoo na kile kitabu.

Mama mwambie mwenyewe, kwa upole, au nisubiri nije nimwambie. Nisalimie jirani Catherine na wanakwaya wote. Kwenye kaburi la Dismasi, mkienda Jumapili, ng'oeni yale majani ya upande wa miguu, yanaota haraka sana wakati wa mvua.

Karatasi yako nairudisha humu ndani. Upande wa mbele sikuugusa. Ule wa nyuma ulikuwa mtupu, nikaandika humo jinsi mwanao alivyokufa, na hapo chini nimetia sahihi. Nakala iko kwa katibu wa kamati tangu jana, kwa hiyo hata ukiichoma, Baba, imeshasomwa.

Mwanao anayekupenda na asiyekutii,
Verediana