Kipimo cha Septemba

Forest, Brussels. Jumapili, 8 Februari 2026. Manyunyu tangu asubuhi. Huu ni mwaka wangu wa ishirini na tisa mbali na Bukavu.

Naandika polepole.

Wiki tatu zilizopita mwanangu Olivier, mchezaji wa kulipwa wa hoki ya barafuni, alibamizwa kichwa ukutani. Mtikisiko wa ubongo. Alikaa siku kumi chumbani, mapazia yamefungwa. Ijumaa daktari wa timu alimpima kumbukumbu na wepesi wa kujibu kwenye kompyuta, akalinganisha na kipimo kilekile cha Septemba, kabla ya msimu, akiwa mzima. Matokeo yalifanana. Akaruhusiwa kucheza.

Nilifurahi. Nimefundisha hesabu maisha yangu yote. Tarakimu zikilingana, mimi hulala.

Leo alicheza vizuri mno, akafunga na bao. Nilipiga makofi mpaka viganja vikauma.

Tukiwa garini nikamwambia ana kichwa kigumu kama cha babu yake, kimerudi kilekile.

Akacheka. "Papa, ile test ya septembre nilijibu mubaya exprès, makusudi. Bachezaji bote banafanyaka vile. Kama ya kwanza iko chini, hata bakugonge, ya pili itafanana tu. Usinifanyie sura ya prof."

"Na vendredi, juzi? Ulijibu mubaya vilevile?"

"Ah non. Vendredi nilijikaza mpaka jasho ikatoka."

Alisema hivyo huku akitafuta redio. Hakusikia alichokisema.

Mimi nilisikia.

Septemba alijipunguzia kwa makusudi. Ijumaa alitoa alichokuwa nacho chote, akafika palepale pa chini. Hajapona.

Nikamwomba asimamishe gari. Nilimweleza taratibu, kama ubaoni. Rangi ikamtoka usoni. Halafu akasema Jumamosi kuna mechi, na mkataba wake unaisha Juni, donc, basi, ninyamaze kwanza.

Mguu unaokimbia unaonekana na kila mtu. Kilichopungua ndani hakuna aliyekiona, na mimi nilikuwa kwenye viti nikishangilia. Hilo ndilo linaloniuma.

Kesho saa tatu asubuhi mimi mwenyewe nitampigia simu daktari wa timu. Olivier atanikasirikia, pengine kwa muda mrefu, na pengine timu haitamtaka tena. Niko tayari.

Kwenye uwanja ule sitarudi.