Jeneza la Filamu Yetu

Mwalimu,

Nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu ungeliona usoni hata nisiposema. Ni miezi minne tangu tukuzike huko kwako Awasi, na filamu yetu bado haijakamilika. Kila tukio lipo isipokuwa mazishi ya baba wa wale ndugu wawili wa kwenye hadithi. Ni dakika chache tu, lakini bila hizo hakuna filamu.

Jumamosi bado tunapiga video za mazishi ya watu, mimi na Otieno wa kamera, kazi ile ile uliyonifundisha. Nasimama kando ya kaburi la mtu nisiyemjua, natafuta engo, halafu nakukumbuka na machozi yananitoka. Wenye msiba wanadhani ninamlilia mtu wao. Wameanza kunisifu, eti nina roho nzuri.

Unakumbuka tulivyoanza? Ulichukua skripti yangu na kalamu nyekundu kama insha ya kidato cha pili, ukafuta harusi, ukafuta ajali, ukafuta mvua. "Usiandike mvua kama huwezi kuikodi." Nilinuna siku mbili nzima. Waigizaji walikuja na nguo zao, kwaya ya kanisa ikawa umati wetu, na asubuhi ile gugu maji lilipoziba ufuo wa Dunga hata mashua isisogee, uliwaambia ndugu wagombane hapo hapo ndani ya mashua iliyokwama. Likawa tukio zuri kuliko nililoandika. Sikuwahi kukuambia. Ilikuwa kiburi tu.

Lakini mazishi hatukuweza kuyafuta. Tulizunguka mpaka Maseno, na kila mwenye boma alitukaribisha vizuri mpaka aliposikia neno jeneza. Jeneza tupu halipitishwi kwenye lango la mtu, watu husema linatafuta wa kulala ndani. Tulijua, sisi ni watoto wa huku huku. Kwa hivyo uliposema, "Basi tufanyie kwangu, mimi si mtu wa kuogopa mbao," nilipaswa kukataa. Sikukataa. Nilikuwa nimechoka kutafuta, Mwalimu. Alhamisi nikalileta mimi mwenyewe kwa pikapu, nikaliweka stoo, nikalifunika kwa turubai ili Mama, mkeo, asilione. Aliliona.

Ijumaa ukaanguka bafuni. Daktari alisema ni presha. Awasi nzima ilisema ni jeneza. Ndugu zako walilitoa wakalichoma ukiwa bado mochari, na siku ya kukuzika Mama hakupokea mkono wangu.

Sijui nini kilikuua. Kuna siku namwamini daktari. Kuna siku siwezi.

Wiki iliyopita Otieno alifungua video ya mazishi yako, maana nawe tulikupiga video, familia iliomba. Hema, viti, kwaya, kila kitu tulichokosa kimo humo. "Madam, scene ndio hii. Tukate tu tuweke." Nilimtukana mbele ya watu, kisha nikaenda chooni nikalia, kwa sababu nilikuwa nimeliwaza hilo kabla yake.

Kuitumia bila ruhusa sikuthubutu. Jumanne nikaenda kwa Mama na kompyuta. Aliniwekea kiti nje, hakunikaribisha ndani. Akatazama filamu yote. Pale ulipokatiza nyuma ya waigizaji na shati lako la kijani, lile kosa ambalo hatukuwa na muda wa kulirekebisha, alicheka kidogo, akajipangusa macho kwa leso. Ndipo nikamwonyesha mazishi yako na kumweleza ninachotaka. Alipojiona analia, aliifunga kompyuta kwa mikono miwili.

"Hiyo hapana. Hiyo ni yangu."

Nikaanza kukusanya vitu vyangu. Sikuwa na hasira, nilikuwa nimefika mwisho tu. Nikawaza nitamwambia Otieno tuache.

"Leta sanduku ingine," akasema. "Kwa hii boma kifo kimeshaingia, kitafuata nini tena? Mkuje Jumamosi mmalize kazi ya mzee."

Nilipiga magoti. Akanishika bega, akaniinua.

"Nyathina, mwanangu, sijasema nimekusamehe. Nimesema mkuje."

Ndiyo barua yangu hiyo, Mwalimu. Kesho kutwa nitapita tena kwenye lango lako na jeneza, na watu wote wakiniangalia. Sitalifunika safari hii. Nitalibeba mbele, mimi mwenyewe, nami nitaliweka pale tu Mama atakaponielekeza. Naogopa sana. Wewe ndiye uliyekuwa ukisema "kata", na sijui kama sauti yangu itatoka.

Oriti, Mwalimu, kwaheri. Pumzika. Nakuahidi filamu itaisha. Na watu wa kamera wakishaondoka, nitabaki nikifagia uwanja, nikiosha vyombo, nikae hapo nje kwenye kile kiti, mpaka Mama aniambie niende nyumbani, au aniambie niingie.